Sista Aliyechemsha Maji Mbele ya Maprofesa

Sista alikuwa hapandi bodaboda. Hapandi, basi. Mvua inyeshe, jua liwake, awe amechelewa kipindi kwa nusu saa nzima, utamwona anakuja kwa miguu kutoka kwenye nyumba yao ya kitawa nje ya mji, viatu vimejaa udongo mwekundu, mkoba wa madaftari begani. Madereva wa pale kona walimfahamu wote, maana pikipiki zao zikigoma walimpelekea yeye. Walikuwa wanamwita, "Sista, panda, leo bure kabisa!" Naye anajibu bila hata kugeuka, "Asanteni wanangu. Nimeziona ndani."

Nilimjua vizuri kwa miaka sita na sijawahi kumwita jina. Songea masista ni wengi, kila parokia ina wake, lakini kwa watu wa mashine ukisema "Sista" bila kuongeza neno, walijua unamtaja nani. Alikuwa na umri wa mama yangu mzazi. Na tulikuwa darasa moja.

Nieleze vizuri hapo, kwa sababu watu nikiwaambia huwa wanacheka kwanza. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilileta shahada ya uhandisi mitambo ya kusomwa kwa mtandao, na Songea kikaweka kituo: chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, meza tatu, skrini kubwa ukutani, na kifaa cha intaneti chenye taa za kijani ambacho tulikiogopa kama jeneza. Maprofesa walifundisha wakiwa kwao, sisi tukiwa kwetu. Tulikuwa watano. Wanaume watatu: mwalimu wa fizikia, fundi wa gereji na fundi wa pampu za maji. Wanawake wawili: mimi, binti wa wakulima wa tumbaku wa Namtumbo, niliyekuwa na stashahada na kazi ya kusimamia mashine za kusaga, na Sista.

Siku ya kwanza aliingia amevaa kanzu yake ya kijivu na shela, na juu ya kanzu ovaroli ya bluu iliyofunguliwa vifungo, akatusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Wenzangu wakaitikia, "Milele, amina." Mimi ni Mwislamu, nikasema, "Shikamoo Sista." Akasema, "Marahaba mwanangu," akakaa karibu yangu, akatoa mfukoni rozari, koleo na kalamu, akavipanga mezani kwa mstari. Nikajisemea moyoni, leo nimepatikana. Nilidhani ametumwa kutuchunga.

Kumbe alikuwa na lake. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa karakana ya masista. Pale zilitengenezwa mashine za kusaga za vijiji vya jirani, pampu, majembe ya kukokotwa, vitanda vya zahanati, kila kitu cha chuma. Alichotaka Sista ni karakana ile iwe mahali pa kuwafundishia mabinti ufundi, na kwa hilo alihitaji karatasi. Mama Mkuu wao, mwanamke wa maneno machache, akampa sharti mbele ya masista wote: miaka mitano. Ukirudi na shahada ndani ya miaka mitano, karakana ni yako na mabinti utawapata. Usiporudi nayo, tutaajiri fundi kutoka mjini, na wewe jikoni. Sista akakubali. Ufunguo wa karakana aliuvaa shingoni kwa uzi, pamoja na msalaba, na sisi wote wanne tulijua kwamba kila mtihani aliofanya alikuwa anaufanyia ule ufunguo.

Sasa tabia zake. Tatizo la kumwelezea Sista ni kwamba ukisema hili, la pili linakukanusha.

Kwa mfano, ukweli. Sijaona binadamu anayeuheshimu ukweli vile. Mteja akimuuliza, "Sista, mashine itapona?" wakati haitapona, anamwambia, "Haitapona, baba, nenda kailie nyumbani." Ukimpikia akiona chumvi imezidi, anasema chumvi imezidi. Lakini mweke kwenye drafti! Jamani, yule mama alikuwa mwizi wa drafti. Ukigeuka kupokea chai, kete yako moja haipo. Fundi wa gereji alimkamata siku moja mkono ukiwa juu ya ubao, akapiga kelele, "Sista! Na wewe mtawa?" Sista akamtazama kwa utulivu kabisa. "Umeniuliza kama nimetoa kete? Hujaniuliza. Uliza." Akauliza. "Nimetoa," akasema Sista, akairudisha. Tukacheka mpaka mwenye duka akagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Au mashine. Mashine alizihurumia kuliko watu. Alikuwa anaweka bisibisi ndefu kwenye mwili wa injini, mpini wake sikioni, anafumba macho, anasikiliza, huku akiongea nayo Kimatengo taratibu. Halafu anasema, "Beringi ya kushoto," na ukifungua ni beringi ya kushoto. Mteja akidai mashine yake ina kisirani, Sista anakasirika. "Mashine haina kisirani, ina sababu. Kisirani unacho wewe." Huyo huyo akiona chura, chura wa kawaida tu wa masika, anapanda juu ya meza na kanzu yake, anaita watu.

Sala hakukosa hata moja, ila kwingine kote alichelewa. Tukimlaumu anasema Mungu ana foleni fupi. Mwezi wa Ramadhani, kila siku ya mimi kufunga, alikuwa anatoka na andazi lake, anakwenda kulila kwenye ngazi akinipa mgongo. Nikamwambia, "Sista, kula tu hapa, mimi hainidhuru." Akasema, "Wewe haikudhuru. Mimi inanidhuru, andazi halishuki." Na siku ya Idi alikuwa wa kwanza kufika nyumbani kwa mama yangu, na alikula kama mtu aliyefunga yeye.

Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu vya zamani vya mitambo. Aliyajua majina yote ya vipuri ambayo sisi hatukuyajua, lakini akitaka kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza anapotea. Profesa akiongea haraka, Sista anainua mkono mbele ya skrini kama mtoto wa darasa la kwanza: "Profesa, polepole. Mtandao wetu unapanda milima ya Lukumburu." Profesa hakujua kwamba Lukumburu ni ile milima ya kona kali kwenye barabara ya kuja Songea, ila akapunguza mwendo, na kuanzia hapo kila akianza kipindi anauliza, "Wa Songea, mmeshapanda?" Sisi tunaitikia, "Tumepanda!"

Kitu kikubwa alichotuletea, na ndicho kilichotaka kutuua, kilikuwa ngokela. Kwao Umatengoni watu hulima kwa ngokela: leo wote tunakuja shambani kwako, kesho wote tunakwenda kwa jirani, na mwenye shamba la siku hiyo ndiye analisha watu. Sista aliona tunavyohangaika kila mtu kivyake na hesabu za mwaka wa kwanza, tunafichana madaftari, akakasirika. "Huku ni kulima au ni kuchimba makaburi, kila mtu na lake?" Akaweka utaratibu. Swali la kwanza ni shamba la mwalimu, wote tunalilima. La pili ni la fundi wa pampu. Mwenye swali analeta chakula. Siku ya shamba langu nilikuwa naleta ugali na dagaa wa Nyasa waliokaangwa na mama. Chuo hakikukataza. Sharti lao liliandikwa wazi: jadilini pamoja mpendavyo, ila kila namba mwanafunzi aipime au aikokotoe kwa mkono wake mwenyewe. Sista alilikata sharti lile kwa mkasi akalibandika ukutani. Wote watano tukawa tunafaulu. Mimi niliyekuwa nalia kwa hesabu nikaanza kuzipenda, wallahi.

Basi, mwaka wa tano, wa mwisho, ikaja kazi ya somo la joto. Tupange tanuri dogo la kuchemshia maji ya karakana, tuseme litakula nishati kiasi gani. Kila mtu duniani anajua maji huchemka kwenye nyuzi mia moja. Sista peke yake akauliza, "Wapi?"

"Wapi nini, Sista?" mwalimu akamuuliza.

"Yanachemka mia moja wapi? Kitabu hiki maji yake walichemshia pwani. Sisi tuko juu, hewa yetu nyepesi. Tukapime."

Wakapanga kupima Jumamosi, karakana kwa Sista, na kipimajoto cha shule ya mwalimu. Mimi Jumamosi ile nilikuwa na sendoff ya binti wa mama mdogo. Nilikuwa kwenye kamati ya mapambo. Ningeweza kwenda karakana asubuhi, nusu saa tu, lakini nilikuwa nasukwa nywele. Wenzangu wanne wakachemsha maji, kila mmoja akatumbukiza kipimajoto kwa mkono wake, na kila mmoja akasoma tisini na sita. Jumapili mchana nikampigia fundi wa gereji, akaniambia namba, nikaiandika kwenye kazi yangu kama vile nimeipima. Nikaituma. Sikuona hata aibu. Niliona nimeokoa muda.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Wanafunzi wa kozi ile katika nchi zote waliandika mia moja, isipokuwa watano wa Songea, walioandika wote kosa moja, tisini na sita. Chuo kilishuku tumenakili. Tutaitwa mbele ya kamati kwa video. Tukithibitika, tunafutwa wote.

Mwalimu alikaa chini sakafuni. Mimi nilimtazama Sista, nikaona mkono wake umeshika ufunguo shingoni, na nikajua anahesabu: miezi miwili ilikuwa imebaki katika miaka yake mitano. Halafu akacheka. "Wameita kosa! Haya, tutawachemshia."

Wengine walipotoka akaniita pembeni. Hakuuliza kwa ukali. "Mwanangu, wewe ulipima?"

Nikasema, "Sikupima, Sista."

Kisha akanishika mkono, tukatembea kwa miguu mpaka karakana, akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria, akanipa kipimajoto. Nikapima. Tisini na sita. Akasema, "Sasa sikiliza. Nikiulizwa kama umepima, nitasema umepima. Nikiulizwa umepima lini, nitasema lini. Kwa hiyo omba wasiulize lini."

Niliomba. Mimi kwa Kiarabu changu cha madrasa, yeye kwa rozari yake, tulimwomba Mungu yule yule jambo lile lile kwa siku mbili.

Siku ya kamati kwenye skrini walitokea watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye nywele nyeupe; profesa wetu wa Lukumburu; na kijana mmoja mwenye miwani aliyekuwa anaandika kila kitu. Mwenyekiti akasoma tuhuma. Kabla hajamaliza, Sista akasimama, akavuta mbele ya kamera jiko la mkaa ambalo sisi tulidhani amelileta kwa ajili ya chai. Juu yake sufuria inatokota. Chumba kizima moshi, mwenye duka anagonga dari, fundi wa pampu anapepea na daftari. Sista akatumbukiza kipimajoto, akasubiri, akakisogeza mpaka kikajaa skrini yao nzima.

"Mama mwenyekiti," akasema kwa Kiingereza chake cha vipuri, "soma."

Yule mama akavaa miwani. Akasoma. Akasogea karibu, akasoma tena. Halafu akaanza kucheka, profesa wetu naye akacheka huku amejishika kichwa, akasema kwamba amefundisha somo lile miaka yote na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza wapi. Sisi tukapiga makofi. Fundi wa gereji alikuwa anarukaruka. Nikasema kimoyomoyo, alhamdulillahi, yamekwisha.

Kijana mwenye miwani akainua kalamu. Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayejaza fomu. Je, wote watano walipima wenyewe?

"Wote watano," akasema Sista.

Kabla ya kutuma kazi?

Nilimwona Sista anafumba macho, kama anavyofanya akisikiliza injini. "Wanne kabla," akasema. "Mmoja juzi."

Loo! Nilitamani sakafu ipasuke niangukie dukani kwenye misumari. Hakunitaja. Nikasimama. Nikasema ni mimi, nilikuwa kwenye sendoff, nilichukua namba kwa mwenzangu kwa simu. Sijui Kiingereza kilitoka wapi, lakini nilisema yote mpaka habari ya kusukwa nywele.

Majibu yakaja baada ya siku tatu. Wanne hawana hatia, chuo kinawaomba radhi, na swali litarekebishwa. Mimi sikufutwa kwa kuwa nilikiri, ila somo la joto nimepewa sifuri na nitalirudia mwakani.

Nilimnunia Sista miezi miwili. Niseme ukweli, nilimchukia. Nilimwambia mama yangu kwamba mtawa yule ameniuza, kwamba angemeza neno moja tu sasa ningekuwa injinia. Mama yangu, ambaye miguu ilikuwa inamuuma na hakuwa na subira na mambo yangu, akasema, "Alikuuza kwa bei gani? Wewe ndiye ulikuwa unasukwa." Nikamnunia na mama. Wanaume watatu wakamaliza, wakapongezwa, mwalimu akachinja mbuzi. Sikwenda.

Kisha kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa Sista. Aliandika kama telegramu: "Tumebaki wawili. Ripoti yangu ya mwisho bado. Kiingereza kinataka jicho lako. Njoo."

Hapo lazima niseme jambo ambalo kwangu lilikuwa hatari kubwa. Chuo kilikuwa na kanuni kwamba kituo kikibaki na mwanafunzi mmoja kinafungwa, na huyo mmoja anahamia kituo cha Dar es Salaam. Mimi nisingeweza kuhama, mama yangu hakuwa na mtu mwingine. Kituo kikifungwa, shahada yangu imeishia pale pale juu ya duka. Kwa hiyo niliposoma kwamba ripoti ya Sista haijaisha, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwamba sikubaki peke yangu, na kwamba hata yeye mjuzi amekwama, na kwamba ananihitaji. Nikaoga, nikavaa, nikaenda.

Nilimkuta jikoni kwao, amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, mbele yake gunia la viazi. Karakana ng'ambo ya ua ilikuwa na kufuli. Shingoni kulikuwa na msalaba tu. Miaka mitano ilikuwa imekwisha, na nilijua maana yake.

"Sista! Wamekuweka jikoni kweli?"

"Zamu yangu," akasema. "Shika kisu."

"Na karakana?"

"Mama Mkuu hajaajiri mtu. Tuombe asimpate. Hivi viazi utavimenya au utavipiga picha?"

Mwaka ule ulikuwa mzuri kuliko yote mitano. Juni ya Songea unaijua, baridi ya kukata masikio, na sisi tuko karibu na majiko. Somo la joto nililirudia mle ndani, na nawaambia hakuna maabara ya kulifundishia joto kama jiko la kuwapikia masista arobaini. Sista alinifundisha jinsi joto linavyosafiri kwa kunishikisha mwiko wa mbao na mwiko wa chuma katika sufuria moja. Akanipimisha makande. Nilikokotoa nishati ya kupika maharage ya Mbinga mpaka masista wengine wakawa wananiita Bi Maharage. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nasahihisha ripoti yake, kurasa mbili mbili kila wiki, na kila wiki nilimsema. "Sista, ripoti ya kurasa arobaini mwaka mzima? Wewe ni mvivu! Karakana itapotea hivi hivi." Anacheka, anamenya. "Nisukume, mwanangu. Usipochoka kunisukuma tutafika." Nikawa najiona nimembeba mgongoni.

Tukafika. Nikafaulu somo la joto kwa alama ambazo hata leo nazitaja bila kuulizwa. Juma lile lile Sista akatuma ripoti yake. Tukavikwa majoho siku moja mbele ya ile skrini, yeye joho juu ya shela, kofia ikawa inateleza mpaka akaibana kwa pini za nywele zangu. Alipotajwa jina, masista arobaini waliokuwa wamejazana ngazini walipiga vigelegele vya Kimatengo, Kingoni na vya lugha nisizozijua, na mwenye duka safari hii hakugonga dari, alipanda mwenyewe kuja kucheza. Mama Mkuu alikuwepo. Alimvisha Sista ufunguo shingoni mbele ya kamera. Mimi nililia, nikasema moyoni, bila mimi huyu mama angezeekea kwenye viazi.

Mwaka jana nilirudi Songea likizo, maana sasa nafanya kazi mbali, kwenye mitambo ya makaa ya mawe. Mkono mtupu haulambwi, nikabeba sukari, mchele na seti ya spana mpya. Nilipitia kwanza ofisini kwa Mama Mkuu kusalimia, ndiyo adabu. Sasa amezeeka, na uzee umemwongezea maneno.

Akanipa chai. Nikamwambia kwa majigambo kidogo, "Mama, ile ripoti ya Sista mimi pia ilinitoa jasho."

Akanitazama. "Ripoti ipi?"

"Ya mwisho. Aliyochelewa nayo."

"Ile aliimaliza kabla ya miaka yake mitano kuisha," akasema Mama Mkuu. "Niliisoma mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa. Ilibaki kubonyeza tu iende. Akaja hapa ulipokaa wewe, akaniambia, nikiituma leo nitakuwa nimehitimu, kituo kitafungwa, na yule binti hana pa kwenda. Nikamwambia, usipoituma, ahadi yetu imevunjika. Basi akavua ufunguo, akauweka mezani hapo." Akagusa meza kwa kidole. "Nilikuwa natafuta fundi wa kuajiri, sikudanganyi. Lakini kila nikipita jikoni nawasikia mnacheka. Nikaacha kutafuta. Kwani hukujua?"

Chai niliiacha hapo hapo, nikatoka.

Karakana ilikuwa wazi na makelele yamejaa. Mabinti saba wa ovaroli za bluu walikuwa wamezunguka mashine ya kusaga iliyofunguliwa, na Sista yuko chini yake, miguu tu inaonekana.

"Sista!" nikapiga kelele. "Toka huko! Wewe ni mwongo!"

Mabinti wakageuka wote. Sista akajivuta taratibu, akakaa, grisi mpaka kwenye nyusi. Aliponiona uso wote ukafunguka kwa furaha. "Mwanangu! Karibu. Mwongo kwa lipi? Taja uongo mmoja."

"Ulisema ripoti haijaisha!"

"Nilisema bado. Ilikuwa imetumwa?"

"Ulisema ni zamu yako jikoni!"

"Ilikuwa zamu yangu. Ndefu, ila yangu."

"Na Kiingereza je? Ulisema kinataka jicho langu!"

"Ulikuta makosa mangapi?"

Nilikuta mengi, na yeye alijua hivyo. Nilisimama pale na spana zangu mkononi, machozi yananitoka mbele ya watoto wa watu, na nilikuwa na hasira, na nilikuwa nampenda mama yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti, nampenda na nina hasira. Nikamuuliza kwa nini aliiweka karakana yake rehani mwaka mzima, akaniacha nimtukane mvivu, nijione mimi ndiye ninayemsaidia, bila kuniambia neno.

Sista akafuta mikono kwenye ovaroli, kidole kimoja kimoja.

"Siku zile umeninunia," akasema, "ningekuandikia kwamba nimekaa jikoni nakungoja wewe, ungekuja?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Mabinti saba walikuwa wananitazama, na Sista ananitazama, anangoja nijibu kweli.

"Nisingekuja," nikasema.